Na Weye, Unasema Je?

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutoka ofisini kwa mtu huyu na jibu. Uliingia na swali, ukakaa kwenye kiti cha mbao kilichoyumba, ukaeleza mpaka maelezo yakakuchosha mwenyewe, naye akakusikiliza amefumba macho. Kisha aliyafumbua na kusema, "Na weye, unasema je?" Basi. Uulize kama uhame chumba, kama uache hesabu uchukue historia, kama uendelee kumpenda binti ambaye wazazi wake hawataki kukuona, yote yalirudi kwako vilevile. Wengine walitoka wakicheka. Mimi mara ya kwanza nilitoka na hasira, kwa sababu kwetu Bunyakiri mtu mzima akiulizwa na kijana hujibu, hata kama jibu lenyewe ni la uongo.

Mlangoni pake paliandikwa kwamba yeye ni mshauri wa wanafunzi. Sisi tulimwita Papa Konseye. Chuo chetu kilitayarisha walimu wa sekondari, na bweni lake, ambalo kila mtu aliliita homu, lilikaa kwenye mteremko hapa Bukavu, upande unaopigwa na mvua ya ziwani. Kazi yake ilikuwa sisi: tulivyolala, tulivyokula, nani kagombana na nani, nani hajaonekana darasani tangu juma lililopita. Wenzake walifundisha fizikia na Kifaransa. Yeye alisema anafundisha watu, na aliposema hivyo hakuwa anatania.

Alikuwa amesoma ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, na huko alikutana na vitabu vilivyomshika na havikumwachia tena. Vilikuwa vitabu vya wataalamu waliochunguza jinsi kijana anavyokua akiwa chuoni, si kwa urefu wala kwa ndevu, bali kichwani. Kila mwaka, wanafunzi wapya walipofika, alituingiza katika jumba la kulia na kuchora ngazi kwa chaki kwenye ubao uliopasuka.

"Mwanafunzi mupya," alisema akigonga ngazi ya chini, "anazania kila swali iko na jibu moja, na profesere analibeba mu mufuko. Kisha anaona baprofesere babili bako banabishana. Anasema, kumbe kila mutu na yake! Ile njo ngazi ya pili, na kuko batu bengi banazeekea pale. Ngazi ya tatu, mutu anachagua ye mwenyewe, na anabeba muzigo ya kile alichagua."

Tulipiga makofi, kwa sababu miaka ile tulipiga makofi kwa kila kitu. Tulikuwa na makofi ya bendera asubuhi, makofi ya nyimbo za chama, makofi ya Jumamosi tulipomaliza kufyeka majani kwa kazi ya lazima. Yeye mwenyewe alisimama mstari wa mbele kwenye nyimbo hizo, amevaa abakosi yake, ile suti ya enzi za chama, ya kijivu, iliyofungwa hadi kooni, na alicheza kwa bidii, viuno na yote. Mtu aliyetufundisha kuchagua, kwa jambo hilo hakuthubutu kuchagua. Tulimcheka pembeni. Leo simcheki sana, maana alikuwa na mke, na mwana mmoja, na mshahara uliokuja ulipotaka.

Hata hivyo nilimwona akiutumia ubao wake kumwokoa mtu. Jirani yangu wa chumba, Mrega wa Mwenga, alikuwa na mdomo ambao haukujua kupumzika. Siku moja, katikati ya nyimbo za chama, aliuliza kwa sauti kama Kiongozi wa nchi naye hufyeka majani Jumamosi. Vijana wa chama hapo chuoni wakamshika, wakampeleka ofisini kwa mkuu, na sote tulijua kwamba anayetoka pale huenda moja kwa moja kambini kwa askari. Papa Konseye aliingia bila kuitwa. Aliyekuwa pale alitusimulia kwamba alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ngazi ya kwanza, akataja wataalamu wa ng'ambo, akaeleza kwamba kijana wa ngazi hiyo huuliza maswali bila kujua yanaenda wapi, na kwamba sayansi imelithibitisha jambo hilo.

"Citoyens," aliwaambia, "huyu bado mutoto kichwani. Mukimufunga, mutafunga mutoto."

Wakamwachia kwa adhabu ya kusafisha vyoo. Yule Mrega alikuwa mwaka wa tatu, ana mke na watoto wawili nyumbani, na alibaki amekasirika majuma mazima kwa kuitwa mtoto. Lakini alikuwa hai.

Vyumba alivipanga mwenyewe. Hakukubali Washi wakae pamoja, wala Warega pamoja, wala watu wa Sange wajikusanye kona moja na kupika samaki wao. Mwaka wa kwanza alimweka na mwaka wa tatu. Wakongwe walipotaka kuwatesa wageni kwa desturi za kuwakaribisha, kuwapaka matope na kuwatambaza uani, hakukataza. Alidai tu kwamba kila mgeni awe na mkongwe mmoja wa kumshika mkono, na mkongwe huyo apakwe matope yaleyale. Desturi ikapungua makali yenyewe. "Mutu hakomai pasipo kumusukuma," alipenda kusema, "lakini ukimusukuma, mukono yako ikuwe karibu." Nililipenda neno lile. Niliwahi kuwaandikia wadogo zangu.

Kulikuwa na sheria yake moja ambayo hakuna chuo kingine cha Kivu kilichokuwa nayo. Katika mwaka wa kwanza, ndugu wa mwanafunzi hawakuruhusiwa kuingia homu. Muhogo, maharage, kuku aliyefungwa miguu, vyote viliachwa kwa mlinzi getini, na salamu ziliachwa kwake yeye, azifikishe siku ya mapumziko. Vitabu vyake vilisema kwamba kijana hawezi kusimama kwa miguu yake mpaka aache kuegemea ukoo. Huko vilikoandikwa, nadhani, mtoto akifika umri huo wazazi hufunga mlango na kwenda kulala. Kwetu, mimi nilikuwa chuoni kwa sababu ukoo mzima uliuza ng'ombe na kukaa bila nguo mpya miaka miwili. Sikuwa nimeegemea ukoo. Nilikuwa mguu wake mmoja, uliotangulizwa.

Na yeye je? Mama yake mzazi aliishi naye kwenye nyumba ya chuo hadi alipofariki. Papa Konseye hakununua hata shati bila kumwonyesha kwanza. Tulimwona dirishani akimshikia kikongwe kitambaa kwenye mwanga, akigeuza upande huu na ule, akingoja jibu. Na jibu alipewa. Sijui kama aliwahi kuona kwamba ni yeye yuleyule aliyekuja asubuhi kutuchorea ngazi.

Mkewe tulimwita Maman Konseye. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwaya, na alisimamia jiko la homu bila kuajiriwa na mtu. Alijua nani ameacha kula. Mumewe alipotuachia maswali yetu, yeye alitujazia sahani, na mara nyingine alitujibu pia, akikoroga bugali, bila kugeuka. "Muache ule binti, anakuchekelea tu." Jibu lake lilikuwa sahihi.

Sasa nifike pale ninapoahirisha.

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa unaishia. Tulikuwa katikati ya mitihani, na aliyeanguka mitihani ile alirudi kwao moja kwa moja, na ng'ombe wa ukoo wamekwenda bure. Baba yangu, ambaye nilimwacha akiwa mzima akitengeneza paa, aliugua ghafla. Akaniita. Mimi ni mwanawe wa kwanza, na kwetu mwana wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Wengine wote hungoja mkono wake. Asipokuwepo ilhali yu hai na ameitwa, huhesabiwa kwamba amemkana mzazi wake. Baba mdogo alitembea, akapanda lori la mbao, akafika getini amelowa. Mimi nilikuwa ndani naandika mtihani wa historia, umbali ambao angeweza kuniita kwa sauti.

Papa Konseye alimpokea vizuri, hilo lazima niliseme. Alimwingiza ofisini, akamkalisha kwenye kiti kile kinachoyumba, akaagiza chai. Baba mdogo alimweleza kwamba kaka yake hafiki juma lijalo na kwamba anamtaka mwanawe. Papa Konseye alifumba macho akasikiliza.

"Nimesikia, muzee," alimwambia. "Rudia kwa mugonjwa. Mutoto nitamuambia miye mwenyewe."

Baba mdogo alikuwa mtu wa shamba. Aliona ofisi, abakosi, vitabu mpaka darini. Aliamini na akarudi.

Hakuniambia. Siku zile nilikula mezani karibu naye, akaniuliza mtihani wa Kifaransa ulikuwaje, nikamjibu, akatabasamu. Nilipoweka kalamu chini kwenye mtihani wa mwisho, mlinzi aliniita. Papa Konseye alikuwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwanafunzi. Alisema, "Baba yako alikufa. Balikwisha kumuzika." Akanieleza kwamba baba mdogo alikuja, na lini, na kwamba baadaye dereva wa lori aliacha habari za mazishi getini.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamuuliza, "Juu ya nini hukuniambia?"

Alinitazama. Nakumbuka kwamba kwa kitambo nilidhani atajibu. Kisha akashika kile alichokizoea.

"Na weye, unasema je?"

Nilitoka mbio kama nilivyo, bila koti, hadi pale malori ya kwenda Bunyakiri yanapopakia.

Nyumbani hakuna aliyesimama kunisalimu. Kaburi lilikuwa limeshazoea mvua. Baba mdogo aliwaambia kwamba ujumbe ulifikishwa kwa mkubwa wa chuo, mtu mzima, aliyeahidi kwa mdomo wake; basi kama sikuja, ni mimi niliyekataa. Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mwongo. Mkubwa gani huficha kifo? Walikuwa wamengoja mpaka maiti haikungoja tena, na hatimaye mdogo wangu, akiwa mtoto wa shule ya msingi, alisukumwa mbele atupe udongo. Mama aliniuliza neno moja.

"Ulifaulu?"

"Ndiyo, mama."

"Aksanti," akasema, akaingia ndani.

Nilifaulu kweli. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa pili darasani. Na tangu siku ile, kwenye vikao vya ukoo, mahali pangu amekaa mdogo wangu, na mimi hukaa na wageni, karibu na mlango. Mama alikufa akiniita "profesere." Hakuniita tena kwa jina.

Nilirudi chuoni kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Niliishi miaka iliyobaki chini ya macho ya mtu yule, nikimsalimia asubuhi na jioni, na moyoni nikimtakia mabaya. Maman Konseye peke yake ndiye aliyenipa pole. Aliniita jikoni, akaniwekea nyama ambayo haikuwa zamu yangu, akanigeuzia mgongo akikoroga.

"Nilimuambia akuambie," akasema. "Nilimuambia kila siku. Akasema: akienda hatarudia, na akili yake itafungika. Ati iko mu vitabu." Alifuta uso kwa kitenge. "Kula, mwana wangu."

Yapo mambo mema mengine ningeweza kuyasema juu yake. Alilipia matibabu ya wanafunzi ambao hata jina lake hawalikumbuki. Aliweza kutambua, kwa namna mtu alivyopanda ngazi za jumba la kulia, kwamba anataka kujidhuru, na alikaa naye hadi hamu hiyo ikapita. Wapo walimu wazima leo, Minova, Uvira, mpaka Shabunda, wanaomsifu mbele yangu, nami nanyamaza. Wanasema kweli. Kinachoniuma ni kwamba alinihurumia. Hakuwa mkatili. Alinipima kwa kitabu, akaona niko ngazi gani, akanikata baba ili nipande.

Miaka ikaenda. Nchi ikaenda nayo vibaya. Kufikia mwisho wa Zaïre, mshahara wa mwalimu ulikuwa hadithi, na mimi nikaacha chaki nikachukua kazi ya foni. Foni ni ile redio ya kuzungumzia mbali. Simu zilikuwa zimekufa na barabara zimeoza, kwa hiyo habari zote zilipita hewani. Mfanyabiashara mmoja wa Kadutu, aliyetuma ndege ndogo kuleta bidhaa, alikuwa na chumba cha mabati chenye betri ya gari na waya uliofungwa kwenye mti, nami nilikaa humo kutwa. Unabonya, unasema, unamaliza kwa "à vous," unaachia, mwingine anajibu. Kila aliye kwenye mkondo huo anakusikia. Siri haikuwepo. Kwa hiyo mimi, kati ya watu wote, nikawa mtu wa kufikisha ujumbe. Sikuchelewesha hata mmoja. Watu walisema nina haraka ya kichaa.

Asubuhi moja alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na abakosi ya kijivu ilikuwa ileile, imekwanguka kwenye kola. Alinitambua kabla hajaketi.

"Maman ametuacha," alisema. "Leo asubui."

Nilimwona yule mama akinigeuzia mgongo jikoni. Nilimvutia kiti.

Mwanawe alikuwa akisoma udaktari Kisangani. Ndege ya tajiri wangu ilikuwa inatoka huko kesho yake, na nafasi ingepatikana. Nilimwambia hayo. Hakushukuru. Alikuwa akitazama redio kana kwamba ina meno.

"Mutoto iko na ezame," alisema. "Ya mwisho. Akikosa, anarudilia mwaka, na nguvu ya kulipa sina tena. Nimuambie sasa, ao ningoje amalize?"

Miaka yote ile nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo bila kujua kwamba naingoja. Maneno yalikuja yenyewe.

"Na weye, Papa, unasema je?"

Aliyapokea. Aliinamisha kichwa, na nilifurahi, sitaficha, nilifurahi mpaka tumboni. Kisha akasema polepole:

"Yangu nilikwisha kusema. Niliisemea ile siku ya baba yako. Sasa niko nakuuliza weye."

Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningetaka kuambiwa. Si ukoo, si chuo, si mama. Furaha ile ikanitoka, ikabaki uchungu mtupu.

"Umuite," nikasema. "Umuite leo."

Tuliita Kisangani, tukaomba kijana aletwe redioni mchana. Papa Konseye hakutoka chumbani. Mchana ulipofika, sauti ilikuja, nyembamba, yenye kukwaruza. Nilimpa mzee kipaza sauti na kumwonyesha pa kubonya.

"Mwana wangu, mama yako amekufa. Kuko ndege kesho. Tutakungojea juu ya kuzika. Kuya. À vous."

Redio ilivuma tupu. Watu wengine kwenye mkondo walinyamaza, wenye dhahabu wa Shabunda, wenye samaki, wote. Kisha tukamsikia akilia, na baada ya kulia akazungumza sawasawa.

"Papa, ezame inaanza siku ya lundi. Nikikuya, mwaka imekufa. Muzike tu. Si ni weye ulinifundisha: mutu anachagua ye mwenyewe, na anabeba muzigo? Nimechagua, Papa. Uniambie kama niko sawa. À vous."

Mzee alishika kipaza sauti karibu na mdomo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakikubonya. Sauti ikauliza tena, "Papa? Niko sawa? À vous." Nilimwona akitafuta, machoni kabisa, na nilijua ni sentensi gani imekaa kwenye ulimi wake, kwa sababu hakuwa na nyingine. Hakuitoa. Nilichukua kipaza sauti mkononi mwake nikamwambia kijana kwamba baba yake amesikia, na kwamba Bukavu imemaliza.

Tulikaa. Nje watu walipanga foleni na ujumbe wao.

"Kesho, saa ine," alisema hatimaye. "Utakuya. Utatangulia kutupa budongo."

Halikuwa swali. Wala hakuniomba msamaha, siku ile wala baadaye, na mimi sikumsamehe. Alikufa kabla vita haijafika mjini, na wanafunzi wake walijaa msibani. Sikwenda.

Lakini kesho yake ile, saa nne, nilikwenda. Ilikuwa imenyesha, na njia ya makaburini ilituteleza. Walipomshusha mama yule, watu wote, kama mzee alivyowaagiza, waligeuka kunitazama, na hakuna aliyenyoosha mkono mpaka wangu utangulie. Niliinama nikateka udongo. Ulikuwa mwekundu, mzito, ukaganda kwenye vidole. Nikautupa, nikasema kimyakimya: Baba, nimefika.